Kuulizia Posa kwa Wachina

Mwezi uliopita, nikiwa bado ndani ya eda, kengele ya mlango ililia na binti yangu Maryam akaenda kufungua. Alirudi sebuleni akaniinamia sikioni na kuniambia kwa Kiingereza, maana huyu hata umsemeshe Kiswahili siku nzima atakujibu kwa Kiingereza, kwamba nje kuna bibi wa Kichina amebeba kitu kizito, na hataki kutaja jina lake mpaka ajue kwanza ndani mna nani. Nilijua papo hapo ni nani. Nikamwambia Maryam amkaribishe, amhakikishie kwamba tuko wanawake watupu na hakuna mtu wa ofisi yoyote. Mama Lin akaingia. Aliwatazama wale wanawake waliokaa na misahafu yao, mmoja baada ya mwingine, akachagua kiti cha karibu na mlango, akaweka mkoba mapajani na kile kitu kizito baina ya miguu. Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti la Kichina, lakini mkono wake ulichomoza nje na nikaona kuwa ni karai. Juu ya mkono ule palikuwa na utepe wa kanga, umefifia hata rangi zake huwezi kuzitambua kama hukupata kuziona kabla. Siku ya mazishi ya mume wangu nililia kama walivyolia watu wengine. Nilipouona utepe ule nililia hadi wenzangu wakaacha kusoma, na Maryam akamtazama yule mgeni kama aliyekuja kunifanyia ubaya.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa shaka, na sioni haya kulisema. Mume wangu Nassor alikuwa akiwaambia watu kuwa mke wake akiletewa zawadi huitikisa kwanza. Watu walicheka, nami nilicheka nao, na baadaye nikiwa peke yangu niliitikisa. Tuliishi vizuri mimi na yeye, tena miaka mingi. Hakuniinulia mkono, hakuniangusha mbele ya watu, na siku nilizougua alinipikia uji bila kunung'unika. Lakini katika mwaka ule alioniposa kulikuwa na wiki kadhaa ambazo sikujua alikuwa wapi wala moyo wake ulikuwa upande gani. Ni wiki zile tu zilizoweza kuniambia kama mtu huyu alinitaka mimi au alitaka pasi yangu. Nilimwuliza tulipooana, nikamwuliza nilipokuwa na mimba, nikamwuliza tulipokuwa watu wazima wenye miwani. Kila mara alijibu hivyo hivyo, “Nilikuwa na shughuli.” Akafa na shughuli zake.

Mwaka ule nilikuwa nikikaa Kenton kwa shangazi yangu aliyenilea, Shangazi Rukia, katika nyumba ambayo sebule yake haikukaliwa. Makochi yalifunikwa nailoni, na ukikaa siku ya joto ukiinuka nailoni inainuka nawe. Dirishani kulikuwa na pazia la neti, na nyuma ya pazia kulikuwa na kiti kimoja kisicho na nailoni, nacho ndicho alichokikalia Shangazi kutazama njia. Aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, na kutokana na siku zile alibaki na fundisho moja tu, kwamba mtu hatari ni yule anayekuuliza maswali kwa sauti ya upole. Mtu wa kusoma mita ya gesi alisimamishwa nje mpaka Shangazi aridhike na uso wake. Jikoni ndiko tulikoishi hasa. Baina ya jikoni na sebule kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kwa kidirisha hicho nilisikia mambo mengi ya ukoo wetu kuliko niliyopata kuambiwa.

Nassor nilimjulia kazini, katika duka la dawa la Mhindi mmoja wa Kisumu, pale pale Kenton. Aliingia kununua dawa ya kikohozi, akamsikia tajiri wangu akinigombeza kwa Kiswahili, akakaa kusikiliza mpaka mwisho kana kwamba ni redio. Alikuwa Mpemba, mrefu, mpole kupita kiasi. Alipelekwa China kusomea uhandisi, akakaa huko miaka, akajua lugha yao hadi matusi, na kabla ya kurudi nyumbani akapitia London kutembea. Ndivyo alivyosema, kutembea. Alikohoa majira yote ya kuchipua. Nami nikaanza kumwekea dawa pembeni, ingawa nilijua kabisa kwamba kifua chake kizima.

Basi siku moja akaja mwenyewe kuposa. Nisisitize, mwenyewe, na boksi la halwa alilonunua Edgware Road. Kwetu mtu hajiposei. Anatuma wazee, na wazee wanazungumza mambo ya mvua na afya kwa muda mrefu kabla ya kulikaribia neno lenyewe. Nassor alikaa juu ya nailoni, akatoa shikamoo yake, akasema alichojia, na chai haijafika. Mimi nilikuwa jikoni, kwa sababu msichana anayeposwa hakai sebuleni, na nilisimama karibu na kidirisha nikiwa na kikombe mkononi.

“Wenyewe wako wapi?” Shangazi alimwuliza.

“Wazee wangu wako Pemba, Shangazi. Huku sina mtu.”

“Kila mtu ana mtu. Unaswali wapi?”

“Ninapokuwepo.”

“Sasa mie nikuulizie wapi? Kwetu nikiletewa posa nakwenda mtaani kwenu, namuuliza muuza duka, namuuliza imamu, namuuliza jirani anayegombana nanyi. Huku London nimuulize nani? Nani anakujua?”

Nassor alifikiri kidogo. Mtu mwerevu angetaja jina la daktari au la mwenye duka. Yeye alisema, “Wanaonijua ni Wachina wa soko la jioni. Nawasaidia mambo ya lugha, nakula kwao. Ukiwauliza wale watakwambia wote.”

Shangazi akamwambia sawa, tutawauliza. Nilidhani anamfanyia stihizai. Nassor alipoondoka Shangazi aliifungua halwa, akainusa, akaniambia nitafute viatu vya kutembelea.

Soko lenyewe lilikuwa juu kabisa ya Edgware Road, mbali na mikahawa ya Waarabu, kule ambako njia imeshakuwa ya magereji na maghala. Majira ya joto, mwisho wa wiki, Wachina walipewa maegesho ya magari nyuma ya ghala moja la fanicha, wakatandaza humo soko kama yale wanayoyafanya kwao. Tulifika jua lingali juu, maana London wakati ule jioni haina haraka, na taa walizozitundika kwenye kamba zilikuwa zinawaka bure. Jenereta zilinguruma. Moshi wa ngisi waliochomwa vijitini ulitupiga usoni, ukafuatiwa na mvuke wa mikate ile myeupe wanayoipika bila moto kuigusa, kisha harufu ya kitu fulani cha soya kilichoozeshwa makusudi, ambayo ilimfanya Shangazi asimame na kuuliza kama hapa ni sokoni au chooni. Watoto walikimbia na vibendera vya kupepea. Wazee walikula wamechuchumaa. Sisi tuliozoea kuwa wageni wa Waingereza tulijikuta wageni wa wageni, na nakumbuka niliona raha ya ajabu, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika mji ule sikutakiwa kujifanya mwenyeji. Raha hiyo haikudumu. Shangazi alianza kazi.

Alianzia meza ya pembeni kabisa, kama ambavyo angeanzia nyumba ya kwanza ya mtaa. Buibui lake jeusi, miwani minene, mkoba chini ya kwapa. Alifunua kifuniko cha sufuria ya mtu na kuchungulia. “Muulize nyama gani.” Nikauliza. “Muulize mafuta gani.” Nikauliza. Kwenye meza ya pili aligeuza kisu akatazama upande wa chini. Kwenye ya tatu alikuta madoriani, na hapo nilimwona amebadilika. Hakuwa ameona doriani tangu Unguja. Alilishika kwa ncha za vidole, akalitikisa karibu na sikio, akalinusa penye kikonyo, akasema hili limechumwa changa, akanusa jingine. Alikuwa na furaha, masikini, alikuwa msichana tena. Lakini mwenye meza hakuona furaha. Aliona mwanamke mwenye miwani anayekagua bidhaa yake moja moja, na pembeni yake msichana anayeuliza maswali kwa Kiingereza kizuri. Niliona anamwashiria mwenzake. Mwenzake akafunika ndoo. Mbele yetu mtu mmoja akazima jiko na kuanza kupakia gari. Nilidhani wanachukizwa na buibui, nikajisikia vibaya kwa niaba ya Shangazi, ambaye hakugundua lolote.

Tulipofika meza ya tambi za kukaanga ndipo tulipomkuta Mama Lin. Alikuwa na umri wa kuwa mama yangu, mwembamba, mikono imeungua hapa na pale kwa mafuta. Mumewe alikuwa nyuma akikata vitunguu. Nassor alikuwa ametuambia tuulize meza ya tambi, kwa hiyo nikaanza kwa heshima zote.

“Tunamuulizia mtu anaitwa Nassor. Mwafrika, mrefu. Anasema Kichina.”

“Hakuna Mwafrika hapa,” alinijibu, na mkono wake haukuacha kugeuza tambi.

“Anakuja kila wiki. Anawasaidia.”

“Hakuna anayetusaidia.”

Shangazi alitaka kujua anasema nini. Nilimwambia. Akaniambia muulize analala wapi, muulize anafanya kazi gani, muulize ana mke. Niliuliza yote hayo, Mungu anisamehe, moja baada ya jingine, na kila swali lilipotoka uso wa yule mama ulizidi kujifunga. Mumewe aliacha vitunguu. “Simjui,” alisema Mama Lin. “Sijapata kumwona. Mnataka tambi?” Alisema hivyo huku akinitazama sawasawa machoni, na mtu anayesema uwongo kwa utulivu wa namna ile amezoea kuulizwa.

Nami nilijua ni uwongo, kwa sababu nyuma yake, kwenye msumari, kando ya makarai yake mengine meusi, lilitundikwa karai moja safi, na kwenye mkono wake umefungwa utepe. Ule haukuwa utepe wa Kichina. Ulikuwa pindo la kanga, nyekundu na nyeusi. Nassor, kama alivyokuja kuniambia, alilichana pindo hilo kutoka kanga ya mama yake iliyokuwa ndani ya sanduku, akalifunga pale ili karai lile lijulikane, lisipikiwe nguruwe hata kwa kusahau. Nilimwangalia Mama Lin, naye akajua nimeona. Akasogea hatua moja na kulikinga kwa mwili wake.

Ndani ya basi Shangazi aliukumbatia mkoba wake hadi Kenton. Tulipofika nyumbani aliingia sebuleni na simu, nami nikakaa jikoni bila kuwasha taa. Alikuwa akizungumza na rafiki yake wa Edgware Road. “Hawamjui,” alisema. “Watu wake mwenyewe aliotaja kwa mdomo wake. Sasa ama muongo, ama hana karatasi na watu wanamficha. Na mie naona ni vyote viwili. Kijana mzuri, mrefu, msomi, anajia nini kwa mtoto wetu? Mtoto wetu si mbaya, lakini tusidanganyane. Anataka pasi.” Kisha akamsikiliza mwenzake, akasema kwa sauti ya chini, “Naye anampenda. Anamwekea dawa ya kikohozi.” Sikujua kwamba anajua. Nilikasirika na nikaona aibu, na chini ya hasira na aibu nilikuwa na swali ambalo Shangazi alilisema wazi na mimi nilikuwa nikilizunguka tangu siku ya kwanza.

Nilikutana na Nassor katika mkahawa mmoja wa Edgware Road, baina ya vilemba vya Waomani waliokuja kwa matibabu na ununuzi. Nikamwambia, “Watu wako wamekukana.” Nilitaka kumwona anavyobabaika. Yeye aliuliza walisemaje, nikamsimulia, na nilipofika pale Mama Lin alipolikinga karai, aliweka kikombe chini na macho yakamlengalenga.

“Walidhani nyinyi ni wakaguzi,” alisema. “Au watu wa uhamiaji.”

“Mkaguzi wa nini avae buibui?”

“Salma, wale hawajui buibui ni nini. Wameona nguo nyeusi na maswali.”

“Haya. Wakaguzi wa chakula wanawaogopa kwa ajili ya chakula chao. Mbona walikuogopea wewe?”

Yeye akamwita mhudumu. Mhudumu alikuja akaondoka. Nikamwuliza moja kwa moja kama ana karatasi, akaniambia viza yake ya matembezi ilikwisha siku nyingi. Kwao Pemba kulichafuka baada ya uchaguzi, kaka yake alikimbia, na yeye aliambiwa asirudi. Alikuwa na kesi ya kueleza lakini hakuwa na ujasiri wa kwenda kuieleza. Yote haya aliyasema kwa upole ule ule, na mimi kila alivyozidi upole ndivyo nilivyozidi kufunga moyo. Kwa maana yale mambo mawili yalikuwa ni kweli kwa pamoja. Watu hawamfichi mtu mbaya kwa kujihatarisha wenyewe, basi alikuwa mtu mwema. Na mtu asiyehitaji karatasi hafichwi, basi alihitaji pasi yangu. Wema wake ulithibitishwa na kitu kile kile kilichothibitisha shaka yangu.

“Nenda Croydon kwanza, kwa watu wa uhamiaji,” nilimwambia. “Kaseme kesi yako mwenyewe. Wakikupa, njoo kuposa. Bila hivyo sitajua maisha yangu yote.”

“Na wakinirudisha?”

“Nitajua pia.”

Watu niliowasimulia habari hii wameniambia nilikuwa na roho ngumu. Labda. Maryam aliposikia alinitazama kwa muda mrefu. Lakini wao hawakulelewa nyuma ya pazia la neti, na hawakuona wasichana wa Kiswahili wa mji huu walioachwa mwaka ule ule mume alipopata stempu. Ningerudishwa kwenye mkahawa ule leo ningesema maneno yale yale.

Alikwenda. Nilimsindikiza kwa treni hadi Croydon, tukatembea baina ya majengo marefu ya maofisi mpaka lile jengo lenye foleni inayozunguka kona, na hapo akaniambia nirudi kazini nisije nikafukuzwa. Sikurudi. Nilikaa kwenye kituo cha tramu kilichotazamana na barabara, tramu zikija na kupita, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba hatatoka. Alitoka jioni. Walimpa karatasi ya kusubiri na amri ya kuripoti, na tulisubiri majira ya baridi yote. Wakati huo Shangazi hakutaja posa hata mara moja. Lakini kila Ijumaa nilikuta jikoni kibakuli kimefungwa, pilau au samaki wa kupaka, na Shangazi akisema mpelekee yule, asije akasema watu wa Unguja tulimnyima chakula. Soko la Wachina lilikuwa limefungwa kwa ajili ya baridi. Kikohozi cha Nassor mwaka ule kilikuwa cha kweli.

Majira ya kuchipua alinipigia simu dukani. Alisema, “Wamenipa.” Tajiri wangu alikuwa akinitazama. Nikasema alhamdulillahi, nikasubiri sentensi inayofuata. Alisema, “Nitakuja,” akakata. Na hapo ndipo zilipoanza zile wiki zangu. Hakuja wiki ile. Hakuja iliyofuata. Nilipiga simu nyumba aliyokuwa akikaa, mwenzake akasema ametoka tangu asubuhi, na siku nyingine akasema hivyo hivyo, mpaka nikaanza kuhisi amefundishwa jibu. Nilipanda basi mpaka kwenye lile ghala la fanicha na kukuta maegesho yana magari tu. Usiku nilimwona akilini akitembea mji mzima na karatasi yake mfukoni, mtu huru, akijiuliza kwa nini ajifunge kwa msichana aliyempeleka Croydon. Nilimwona na wasichana wazuri kuliko mimi. Kumbe nilimpa mtihani ambao akifaulu hanihitaji tena, na sikuliona hilo mpaka alipofaulu. Shangazi alikuwa akinipikia vitu nivipendavyo, na huruma yake ilinichoma kuliko kama angenicheka.

Kisha ikaja Jumapili moja. Kengele ililia, na Shangazi akachungulia kwenye neti. “Usifungue,” alininong'oneza. “Ni watu wa serikali.” Nikachungulia. Alisimama Mchina amevaa suti na tai, na mkewe amevaa koti zito la rangi ya buluu lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni, wamesimama wima kabisa kama watu wanaopigwa picha ya pasi. Mwanamume alikuwa na mfuko wa machungwa. Mwanamke alikumbatia doriani lililofungwa taulo. Nyuma yao, amejikunyata kwa urefu wake wote, alikuwa Nassor.

“Shangazi,” alisema mlangoni, “hawa ndio wazee wangu.”

Shangazi aliwakaribisha juu ya nailoni. Mimi nilikimbilia jikoni kama inavyotakiwa. Mama Lin alianza kuzungumza Kichina, na Nassor alipofungua mdomo kutafsiri, Shangazi alimnyamazisha. “Wewe usitafsiri. Utajitafsiria unavyotaka. Waseme Kiingereza chao, na Salma atanambia.” Hivyo ndivyo nilivyotafsiri posa yangu mwenyewe, kupitia kidirisha cha sahani, bila kuonekana uso.

“Muulize sasa anamjua?” alisema Shangazi.

“Namjua,” alisema Mama Lin.

“Mbona siku ile alisema hamjui?”

Mama Lin alifikiri. “Siku ile yeye alikuja kuuliza. Leo mimi nimekuja kusema.”

Nilitafsiri. Najua jibu lile lilimpendeza Shangazi kwa sababu alitaka chai iletwe.

“Ana tabia gani?”

“Anakula sana. Hanywi pombe. Karai lake anaosha mwenyewe. Mume wangu alipougua aliuza tambi mahali pake, akauza vibaya, akachoma zote. Lakini alikuja kila siku.”

“Ana mke China?”

“Hapana. Ningemjua.”

“Waambie,” Shangazi alisema, “tumeisikia posa, na tutakwenda kuulizia kwanza.” Nassor aliinamisha kichwa akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na mimi jikoni nilikaa chini sakafuni nikacheka nikilia. Kuulizia kwa nani tena, wakati waulizwaji wote wako sebuleni? Lakini ndiyo desturi, na Shangazi hakuiruka. Doriani lilipasuliwa pale pale juu ya gazeti, na yeye ndiye aliyekula zaidi ya wote. Mama Lin hakula. Alikaa ukingoni mwa kochi na mkoba mapajani, macho kwenye mlango, hakuvua koti hata kwa joto la sebule ile, nami nikadhani ni adabu zao.

Posa ikakubaliwa, tukaoana. Mama Lin na mumewe walihamia Manchester muda mfupi baada ya harusi, na karai wakaenda nalo. Nassor alikuwa akienda kuwatazama mara kwa mara na kurudi na harufu ya tambi. Shangazi alikufa na sebule yake ya nailoni. Na mimi nilibaki na zile wiki, nikizitoa na kuzitazama kila tulipogombana, kwa sababu mtu aliyepewa karatasi siku ile angekuja siku ile, kama alinitaka. Aliyechelewa alikuwa anapima. Hilo ndilo nililoamini hadi mwezi uliopita.

Wageni walipopungua nilimwomba Mama Lin akae karibu nami. Siku hizi Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wakati ule. Maryam alituletea chai. Nikamwuliza, bila kuzunguka, kama aliwahi kujua Nassor alikuwa na shughuli gani zile wiki baada ya Croydon.

“Shughuli?” alisema. “Alikuwa kwetu. Kila siku. Alikuwa ananibembeleza.”

Sikumwelewa.

“Alitaka tuje kwenu kama wazee wake. Nilikataa. Sisi karatasi zetu wakati ule hatukuwa nazo, mimi wala mume wangu. Nilimwambia yule mama mwenye nguo nyeusi ni mtu wa serikali, anakutumia wewe kutukamata. Anataka tukae sebuleni kwake halafu afunge mlango. Yeye alisema hapana, ni shangazi tu. Nikamwambia basi nenda peke yako. Akasema alikwenda peke yake mara moja, na msichana huyu anastahili watu.” Alikunywa chai. “Mwisho mume wangu akasema twende. Akauza vyombo kwanza, tukaacha ufunguo kwa jirani. Tulivaa nguo nzuri ili wakitukamata tuwe na nguo nzuri.”

“Hakuniambia,” nilisema. “Nilimuuliza miaka yote hii.”

“Nilimkataza. Nilikuwa mzee wake. Mzee haambiwi kwamba aliogopa.”

Nilimkasirikia Nassor. Nataka niliseme hilo kwa sababu ndilo lililokuja kwanza, kabla ya huzuni, hasira ya kuweza kumtikisa kama angekuwa mbele yangu, kwamba aliiacha shaka yangu ilale kitandani kwetu ili heshima ya mwanamke mwingine isiguswe. Halafu nikalitazama lile koti la buluu kichwani mwangu, vifungo hadi shingoni, na macho yale kwenye mlango. Watu wawili walivaa nguo za kukamatiwa wakaja kuniposea. Nilimshika Mama Lin mkono, tukakaa hivyo, na karai liko baina ya miguu yetu.

Baada ya muda aligeuka akatazama chumba kizima, kisha mlango, kisha mimi, na akateremsha sauti.

“Na yule shangazi yako,” aliniuliza. “Kweli hakuwa wa serikali?”

Nikamwambia hakuwa. Nikamwambia alikuwa mwanamke wa Unguja tu, aliyependa doriani. Mama Lin alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayekubali, akaukaza mkoba wake mapajani, na mimi ninayeijua shaka nilipoiona usoni mwake nilijua kwamba hakuniamini.